Grace's Guide kwa mwenye injini kongwe ya boti: inajibu nini, inakwama wapi

Injini kongwe ya boti isiyojulikana imetengenezwa na nani huuzwa kwa kilo, bei ya chuma chakavu. Ikishapata jina, inaweza kutafutiwa ringi za pistoni, gasketi na kitabu chake, na mazungumzo ya bei yanakuwa mengine. Kwa injini za Uingereza, mahali pa kwanza pa kutafuta jina hilo ni Grace's Guide, tovuti ya historia ya viwanda vya nchi hiyo, gracesguide.co.uk. Kurasa zake za makampuni zinasomwa bure. Wanaolipa ada hufunguliwa nakala za majarida ya zamani ya uhandisi, hasa The Engineer lililoanza kutoka mwaka 1856. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: mashine iko mbele yako, imejaa kutu, ina nusu ya jina, na unataka kujua nani aliiunda.

Kwa swali la "nani", ni nzuri sana. Kwa swali la "mwaka gani", ni ya wastani. Kwa swali la "spea nitapata wapi", usiisumbue, haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Kurasa zenyewe ni rahisi. Kila kampuni ina ukurasa wake wenye mistari mifupi iliyopangwa kwa miaka: ilipoanzishwa, anuani, ilipobadili jina, ilipouzwa, ilipofungwa. Chini yake mara nyingi kuna matangazo ya biashara yaliyopigwa picha kutoka majarida ya wakati huo. Ukikuta mstari wa maonyesho ya British Industries Fair ya 1922, usiupite haraka. Hapo hutajwa bidhaa ambazo kampuni ilikuwa ikitengeneza mwaka huo, na ndipo utajua kama kampuni unayoifuata iliwahi kugusa injini za boti au ilikuwa ya pampu za mashambani. Taarifa za vifo vya wahandisi nazo zina faida isiyotarajiwa: marehemu hutajwa alifanya kazi karakana gani na mwaka gani, na baadhi ya karakana ndogo huwezi kuzikuta popote isipokuwa kwenye taarifa hizo.

Tatizo kubwa la watu wanaorudi mikono mitupu halitokani na tovuti. Wanaingia na jina lisilo sahihi. Injini kongwe ya boti hubeba majina matano au sita, na linalosomeka vizuri kuliko yote kwa kawaida ni la mtu aliyeuza kifaa kimoja tu. CAV, Simms na Bosch ni majina ya pampu ya dizeli na nozeli. Lucas ni dainamo au stata. Villiers kwenye flaiwili ya mashine ndogo ya petroli inaweza kuwa ni magneto tu. Amal, Zenith na Solex ni kabureta. Borg-Warner ni giaboksi. Jina la kutazamwa kwa jicho la shaka kuliko yote ni BOWMAN, lenye herufi kubwa zilizotokeza kwenye kipoozeo cha maji au manifoldi ya ekzosi, mahali panapoonekana kwanza ukifungua kifuniko cha injini. Bowman ni watengenezaji wa vipoozeo. Injini iliyo chini yake inaweza kuwa Ford, Perkins au nyingine yoyote.

Kanuni inayofaa ni hii: jina lililo kwenye kifaa kinachofunguliwa kwa bolti nne ni la kifaa hicho. Jina au alama inayojirudia kwenye vipande vikubwa vya chuma cha kusubu, yaani bloku, kichwa cha silinda, sampu, nyumba ya flaiwili na vifuniko vya pembeni vya krankesi, ndiyo ya mtengenezaji. Kama hakuna jina, tazama namba. Namba zilizotokeza zenye herufi ileile mwanzoni kwenye vipande vitatu au vinne tofauti ni namba za kalibu za kiwanda kimoja, na herufi hiyo ni ushahidi kuliko kibati chochote cha shaba. Namba zilizogongwa kwa nyundo, zilizozama, ni kitu kingine: hizo ndizo namba za injini, na huwa kwenye sehemu iliyosawazishwa kwa mashine, pembeni mwa krankesi au juu ya bloku karibu na pampu.

Kuzisoma kunataka subira. Brashi ya waya ya umeme isikaribie kibati cha shaba. Herufi za kibati cha aina ile zimechongwa kwa asidi kwa kina kidogo sana, na brashi huzifuta moja kwa moja. Rangi ya tabaka nyingi itolewe kwa dawa ya kutoa rangi na kipande cha plastiki au mbao, halafu mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Rangi kongwe ya boti mara nyingi ina risasi ndani yake, kwa hiyo usiipige msasa ikiwa kavu. Siki ya jikoni, yenye asidi asilimia 5 hivi, hutoa kutu kwenye kipande cha chuma kilicholowekwa usiku kucha, lakini usiloweke kibati cha shaba humo kwa muda mrefu maana kitageuka chekundu. Alumini nayo isiguse siki. Asidi kali za kusafishia vigae ziache kabisa.

Herufi zikishakuwa safi lakini bado hazisomeki, zima taa. Weka tochi ubavuni, mwanga ulale sambamba na chuma, piga picha, hamisha tochi upande mwingine, piga tena. Herufi ambayo haikuonekana kutoka kushoto hujitokeza kutoka chini. Kwa namba zilizogongwa, pakaza chaki kisha ipanguse juujuu kwa kidole: unga hubaki ndani ya michoro. Karatasi nyembamba na penseli laini hutoa nakala nzuri ya herufi zilizotokeza. Andika unachoona, usiandike unachodhani. 3 na 8, 1 na 7, S na 5 ndizo zinazopoteza watu.

Ukiwa na maneno hayo ndipo ufungue tovuti. Tafuta neno moja adimu pamoja na mji, bila "& Co." wala "Ltd". Bros. jaribu pia kama Brothers. Ukipata kurasa nyingi zenye jina linalofanana, anuani ndiyo hakimu. Mfano mzuri ni Parsons. Kampuni ya Parsons ya Southampton ilitengeneza injini za boti na giaboksi zake, na jina lake liko kwenye boti nyingi. C. A. Parsons wa Newcastle ni mtu wa turbini za mvuke, hana uhusiano na mashine ya silinda nne iliyoko kwenye boti yako. Na hata ukishafika Southampton hujamaliza, kwa sababu giaboksi ya Parsons iliwekwa pia nyuma ya injini za watu wengine. Jina likiwa kwenye giaboksi peke yake, umeitambua giaboksi.

Kelvin inachanganya kwa namna nyingine. Injini za Kelvin zilitoka Glasgow kwa kampuni ya Bergius, iliyoanza na magari mwaka 1904 kabla ya kuhamia kwenye boti. Kwenye boti hiyohiyo unaweza kukuta dira iliyoandikwa Kelvin, Bottomley & Baird, nayo ya Glasgow, na ni kampuni tofauti kabisa. Ukitafuta "Kelvin Glasgow" utapata zote mbili. Tafuta "Bergius". Kampuni hiyo ilibadili jina mara kadhaa, kutoka Bergius Car and Engine hadi Bergius Launch and Engine, kisha Bergius Company, baadaye Bergius-Kelvin, na ukilinganisha jina lililo kwenye kibati chako na mpangilio wa miaka kwenye ukurasa, unapata kipindi cha kutengenezwa hata kama namba ya injini imeliwa na kutu. Hapa ndipo tovuti hii inapolipa muda uliotumia.

Kwa Kelvin, chuma chenyewe pia kinasema. Dizeli zao za herufi K, za kuanzia miaka ya 1930, huwashwa kwa petroli ndipo zihamishiwe kwenye dizeli. Kwa hiyo ina pampu ya dizeli na nozeli, na papo hapo ina plagi, magneto na kabureta ndogo. Fundi asiyeijua hudhani kuna mtu ameunganisha injini mbili. Nguvu zake huhesabika kirahisi, farasi 22 kwa kila silinda: K2 ni 44, K3 ni 66, K4 ni 88.

Kibati cha wakala ni mtego mwingine. Gardner wa Patricroft, karibu na Manchester, waliuza injini zao kwa miaka mingi kupitia Norris, Henty & Gardners, na jina hilo lipo kwenye vibati na matangazo ya zamani. Anayetafuta kiwanda cha Norris na Henty atatafuta sana. Kwenye Grace's Guide ukurasa wa wakala na wa kiwanda husomwa pamoja. Dalili ya jumla ni maneno yanayofuata jina: "makers" au "manufacturers" ni watengenezaji, "agents", "suppliers" au "fitted by" ni wauzaji na wafungaji, na jina la mji wa bandari peke yake, bila neno lolote, lichukuliwe kuwa la wafungaji hadi ithibitike vingine.

Kisha kuna waliobadili injini za magari na matrekta kuwa za baharini. Sabre, Mermaid na Lancing walichukua bloku za Ford na kuzivika vifaa vya maji. Hizi hazina ukongwe wa kujivunia, ila ndizo zinazobishaniwa zaidi. Majibu ni mawili na yote ni sahihi, kwa sababu spea hugawanyika: pistoni, ringi, gasketi ya kichwa, vali na nozeli hufuata jina la bloku, kipoozeo, manifoldi, pampu ya maji ya bahari na mabomba hufuata jina la kibati. Anayeagiza gasketi ya manifoldi kwa namba ya trekta ataletewa isiyokaa.

Kwa meli za mvuke tovuti hii ina utajiri, na hapa sisi wa Maziwa Makuu tuna letu. William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, na Nyanza ya 1907 zilitoka Bow, McLachlan & Co. wa Paisley, Scotland, zikaletwa vipandevipande. Ukurasa wa kampuni hiyo unaonyesha kwamba ilikuwa karakana ya uhandisi na si kiwanda cha kujenga meli tu, jambo linalofanya iwe halali kuwahisi hao hao kwa injini. Usifanye hivyo kwa kila kiwanda cha meli. Viwanda vingi vya meli vilinunua injini kwingine, na kibati cha kwenye daraja la nahodha kinamtaja aliyejenga meli, hakimtaji aliyejenga mashine. Umri wa meli pia haukuambii umri wa injini: Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiwa ya mvuke, lakini injini zake za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa dizeli.

Mfano huo wa Liemba unafichua pia mpaka wa Grace's Guide. Nje ya Uingereza inakauka. Bolinder wa Sweden, Alpha wa Denmark, Kromhout wa Uholanzi, Sabb wa Norway, Deutz wa Ujerumani: kwa hao usitegemee zaidi ya kutajwa kwa mawakala wao wa London. Injini ya kichwa cha moto, ile ambayo kichwa chake hupashwa kwa taa ya pampu kabla ya kuwashwa na haina plagi wala nozeli ya kisasa, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya Skandinavia au Uholanzi kuliko Uingereza, ingawa Waingereza nao walizitengeneza. Kwa hizo anzia makumbusho na vyama vya nchi husika.

Alama za hataza (patent) husaidia kuamua nchi kabla hujapoteza jioni nzima kwenye tovuti isiyo yako. D.R.P. na D.R.G.M. ni Ujerumani. S.G.D.G. ni Ufaransa. Kwa hataza za Uingereza kuna jambo moja la kukariri: hadi 1915 namba zilianza upya kila mwaka, kwa hiyo namba 5432 bila mwaka haina maana yoyote, kuanzia 1916 zikawa mfululizo mmoja kuanzia 100,001. Kibati chenye namba ya tarakimu sita ni cha 1916 au baadaye. Hiyo ni hesabu ya haraka kuliko utafutaji wowote.

Watu wengi hutumia bolti kuamua nchi, na hapa tahadhari inahitajika. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya Marekani ya meno manene ina 13, na M12 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.75. Tofauti ya 12 na 13 huioni kwa jicho, na nati ya moja huingia kwenye nyingine mizunguko miwili kabla ya kukaba, halafu fundi mwenye nguvu huimalizia na kuharibu meno. Pima kwa geji ya meno: pembe ya meno ya Whitworth ni digrii 55, ya nyingine ni 60. Usiamue kwa spana, kwa sababu wakati wa Vita Kuu ya Pili vichwa vya bolti za Whitworth vilipunguzwa saizi moja. Na ukishathibitisha Whitworth, bado hujathibitisha Uingereza, maana Sweden, Denmark na hata Ujerumani walitumia meno hayo kwa miaka mingi. Whitworth inakanusha mambo, kwa mfano inakanusha injini iliyodaiwa kuwa ya Marekani, lakini haithibitishi peke yake.

Kama hakuna jina hata moja, pima kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Mwendo ndio wa kuaminika, kwa kuwa silinda hulika na hupigwa boringi lakini krenki haibadili mkono wake. Pitisha fimbo laini ya shaba kwenye tundu la plagi au nozeli lililo wima, zungusha flaiwili kwa mkono, weka alama juu kabisa na chini kabisa. Tundu likiwa la mshazari kipimo kitakudanganya, pimia kwenye dirisha la krankesi. Geuza kuwa inchi ndipo utafute. Gardner LW ni inchi 4¼ kwa 6, LX ni 4¾ kwa 6, na L3 ya boti ni 5½ kwa 7¾. Ukipata milimita 152.4 za mwendo kwenye bloku zilizogawanyika mbili, jina limeshapungua kuwa machache. Vipimo vya namna hii utavikuta kwenye matangazo na makala za The Engineer, na hapo ndipo ada ya usajili inapoanza kuwa na hoja. Kwa injini moja tu usilipe kwanza, maliza kurasa za bure.

Namba ya injini kwa mwaka ni pengo la kweli. Usitarajie kukuta jedwali la "kuanzia namba hii ni mwaka huu". Majedwali hayo, yakiwepo, yako kwa warithi wa kiwanda, makumbusho au vyama vya wapenzi wa injini husika.

Pengo jingine linazibwa na kituo cha urithi cha Lloyd's Register, shirika la Uingereza la kukagua meli, ambacho kimeweka mtandaoni bure ripoti za ukaguzi na michoro ya meli. Unatafuta kwa jina la meli au la kiwanda kilichoijenga, na ripoti ya mitambo hutaja mtengenezaji wa injini, idadi na vipenyo vya silinda, mwendo na boila. Kwa meli iliyowahi kukaguliwa nao, ripoti hiyo inashinda kila kitu kilichosemwa hapo juu. Kwa mashua ya uvuvi ya futi 30 haitakuwa na lolote. Kwa yoti, vitabu vya Lloyd's Register of Yachts vya zamani hutaja injini pamoja na mtengenezaji wake, na ukijua jina la kwanza la chombo unaweza kulifuata mwaka hadi mwaka ukaona injini ilipobadilishwa.

Ukikwama kote, andikia makumbusho, kwa mfano Anson Engine Museum ya Poynton, karibu na Manchester, au Internal Fire ya Wales. Barua isiwe "hii ni injini gani?" na picha moja ya gizani. Weka picha ya pande zote nne, picha ya kila namba ikiwa na rula pembeni, idadi ya silinda, kipenyo na mwendo, flaiwili inazunguka upande gani ukiitazama, inapozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja au la, na orodha ya majina ya vifaa ulivyokwisha kuvitambua ili wasikujibu kwamba ni CAV. Namba iandikwe kama ilivyo, na kila tarakimu usiyoiona vizuri iwekee alama ya kuuliza mahali pake.